Bunduki ya Bwanikwa

Historia ya utumwa huku kwetu, kaskazini mwa Ziwa Nyasa, husimuliwa kwa majina ya wanaume. Ukivuka Mto Songwe kutoka Kyela hadi Karonga utatajiwa Mlozi, mfanyabiashara wa pembe na wa watu, aliyewashambulia Wangonde mwaka 1887. Utatajiwa Waingereza: Lugard, aliyekwenda kupigana naye mwaka uliofuata akarudi na jeraha, na Harry Johnston, aliyemnyonga Mlozi Desemba 1895. Wale waliofungwa minyororo wanaitwa watumwa, basi.

Lakini wapo walioacha masimulizi. Elise Kootz-Kretschmer, mke wa mmisionari wa Moraviani kule Utengule, aliandika habari za wanawake waliopitia mikono mingi: Narwimba, na Chisi, ambaye pia aliitwa Ndjurisiye na Sichyajunga. Mwaka 1993 mwanahistoria Marcia Wright aliwaweka katika kitabu kimoja na Bwanikwa, na huyu ndiye asiyenitoka akilini.

Bwanikwa hakuwa wa ziwa hili. Alikuwa Mluba, wa nchi ambayo leo ni Kongo. Baba yake alifiwa na mke, wakwe wakadai fidia ya watumwa, hesabu haikutimia, akamtoa binti yake. Tumezoea kuanzia kwa msafara wa Waarabu; yeye alianzia nyumbani, kwenye kikao cha watu wazima walioona wanamaliza deni kwa heshima. Mmisionari Dugald Campbell, aliyechapisha habari zake, alihesabu kwamba alikuwa mtumwa mara kumi.

Mwishowe aliolewa, akaishi karibu na misheni. Wengi wangefungia hadithi hapo. Bwanikwa alifanya kazi mpaka akapata bunduki, mali kubwa zama zile, akamkabidhi mumewe kama fidia ya kujikomboa. Yaani alimlipa mume ambaye, kwa desturi, alikuwa pia bwana wake.

Wapo watakaoona ni baridi ya moyo, mke kumlipa mumewe. Mimi naona akili ya mtu aliyekwisha kuuzwa na baba. Mume mpole anaweza kufa, na warithi wake wasiwe wapole. Lakini fidia ikishapokelewa, nani ataidai tena? Hakungoja serikali. Hata huku kwetu Tanganyika utumwa ulifutwa kisheria mwaka 1922. Yeye alikuwa ameshajikomboa. Sijui kama wa zama zake walimwona mwanaharakati au mkorofi. Mara nyingi ni mtu yule yule.

Namkumbuka kila ninaposikia wajane wa Kyela wakiambiwa, "Shemeji, lima tu, nani atakufukuza hapa?" Husemwa kwa upendo, na mara nyingi ni kweli, mpaka kakao ipande bei au mtoto wa shemeji atake kujenga. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kumiliki ardhi, na hatimiliki ya kimila inaweza kuandikwa kwa jina lake. Ila mjane akienda ofisi ya kijiji kuiomba, ukoo hununa. Kwani ametuona wezi? Hapana. Ameona kwamba ukarimu wao hauna muhuri, na watoto wake watalima shamba hilo wakati hao wakarimu wote wameshazikwa.