Gesima: Kipande Kidogo cha Ramani

Ukitwaa ramani ya Kenya yenye urefu wa sentimita 40, ukaibandika juu ya ubao, kisha ukaukata ubao huo kwa msumeno mwembamba kwa kufuata mipaka ya kaunti zote 47, utapata fumbo la kuwashughulisha watoto tangu adhuhuri hadi magharibi. Marsabit, yenye takriban kilomita za mraba 71,000, itajaa kiganja cha mtu mzima. Tana River itatosha kiganja cha mtoto. Nyamira itakuwa kadiri ya ukucha wa kidole cha shahada, na Mombasa yetu haitazidi mbegu ya ubuyu. Kila mwenye watoto nyumbani anajua ni vipande gani vitakavyopotea kwanza chini ya jamvi.

Gesima imo ndani ya ukucha huo. Ni wadi ya eneo bunge la Kitutu Masaba, katika Kaunti ya Nyamira, na kwa sisi wa pwani ni safari ya kukata nchi nzima: gari la moshi kutoka Miritini hadi Nairobi, kisha basi la kupita Narok, Bomet na Sotik mpaka Keroka, mji uliokaa juu ya mpaka wa Kisii na Nyamira. Toka Sotik macho yanaanza kushiba kijani. Chai imetandazwa mabondeni kama mkeka uliosukwa bila kuacha upenyo, na pale chai inapokoma, migomba inaanza. Udongo ni mwekundu, hewa ni ya baridi, na mvua hainyeshi kwa kubahatisha kama kwetu. Aliyezoea mnazi na upepo wa kusi hutafuta sweta kabla hajatafuta chai.

Tulifika Ijumaa jioni kwa mwenyeji wetu, mwalimu aliyewahi kufundisha miaka mingi pwani, na Jumamosi tukakuta maduka mengi yamefungwa. Wasabato ni wengi katika nchi ya Abagusii, tangu wamishenari wao walipoingia mwanzoni mwa karne iliyopita, na siku yao ya ibada wanaiheshimu kwelikweli. Jambo hili lina faida yake kwa mgeni Mwislamu: Msabato mshika dini hali nguruwe wala hanywi pombe, kwa hiyo mezani hapana fadhaa nyingi. Ilibaki suala la kuchinja tu, nalo mwenyeji alilimaliza mwenyewe kwa kutuandalia ugali wa wimbi, mnavu, na ule mgagani mchungu ambao wenyeji huuita chinsaga. Watoto wetu walicheka sana waliposikia watoto wa nyumba ile wakimwita mama yao "baba". Katika Kigusii baba ndiye mama, na baba mzazi ni "tata". Siku ya tatu wangu nao walikuwa wakimwita hivyo hivyo, naye akiitika.

Zawadi tuliyowachukulia watoto hao ilikuwa fumbo la mbao la ramani ya Kenya, lile nililoanza kulieleza. Fumbo la namna hii lilianza kazi yake likiwa somo kabla ya kuwa mchezo. Katika miaka ya 1760, huko London, mchonga ramani aitwaye John Spilsbury alibandika ramani juu ya mbao za mahogani na kuzikata kwa kufuata mipaka ya nchi, ili watoto wa matajiri wajifunze jiografia kwa vidole. Wana wa Mfalme George wa Tatu walifundishwa kwa ramani za aina hiyo. Picha za meli, bustani na wanyama zilikuja baadaye.

Jumapili asubuhi tulikwenda sokoni kumtafuta seremala, kwa kuwa kipande kimoja kilikuwa kimeshavunjika ncha. Karakana yake ni mabati manne juu ya nguzo za mkaratusi. Nje kulikuwa na kitanda kisichotiwa rangi, milango miwili na madawati ya shule. Mzee alikipokea kipande, akakipitisha kidole gumba ukingoni, kisha akakinusa.

"Ubao huu haukukatwa," alisema. "Umechomwa."

Alikuwa na haki. Mafumbo mengi ya siku hizi hukatwa kwa mwali wa mashine, na ukitazama ukingo wa kipande utaona weusi wa hudhurungi, na ukikisogeza puani utasikia harufu ya moshi. Kazi ya mkono ni nyingine. Fundi hufunga msumeno wenye ulimi mwembamba kama uzi wa mshipi, akausimamisha wima kabisa, na badala ya kuusukuma msumeno akauzungusha ubao taratibu mbele yake. Ulimi ukiinama kidogo tu, kipande kitaingia mahali pake kwa upande mmoja na kugoma kwa upande wa pili. Ulimi ukiwa mnene utakula mbao nyingi, na vipande vitalegea na kuchezacheza. Ndiyo maana mafundi wa kazi hii hupenda ubao wa matabaka yaliyogundishwa, tabaka moja nyuzi zake zikienda wima na la pili zikienda mlalo: vile vichwa vidogo vya mviringo vinavyoshikanisha vipande havikatiki kwa kufuata nyuzi, kama kilivyokatika chetu. Baada ya hapo kuna msasa, tena msasa, kisha mafuta au rangi isiyo na sumu, maana kipande cha fumbo hakikosi kutiwa mdomoni.

Liko pia jambo la unyevu, ambalo mnunuzi wa pwani hana budi kulijua. Mbao hunywa hewa. Fumbo lililokatwa penye hewa kavu likabana barabara, likifika Lamu au Mombasa na kukaa msimu mmoja wa masika, hufura, na mtoto hulazimika kugonga vipande kwa ngumi. Mbao isiyokaushwa vyema hufanya kinyume chake, ikasinyaa na kupinda. Basi nusu ya ufundi huu ni kungoja, na kungoja ndiko ambako maskini hana nafasi nako.

Nilimwuliza mzee kama angeweza kuikata kazi kama ile. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kama anajua kuogelea ilhali amezaliwa kisiwani. Abagusii ni watu wa kazi ya mkono. Wazee wao walikalia vigoda vya miguu mifupi vilivyochongwa kwa gogo moja, na juu ya kikalio wakapachika shanga za rangi, moja moja, mpaka zikafanya miduara na pembetatu zinazofuatana kwa hesabu kamili. Obokano, kinubi chao kikubwa cha nyuzi nane, hutoa sauti nzito kutoka katika bakuli la mbao lililowambwa ngozi. Na huko Tabaka, upande wa Kisii, ndiko kunakochimbwa na kuchongwa lile jiwe laini ambalo kila msomaji ameliona likiuzwa karibu na Ngome ya Yesu, limekuwa sahani, kisanduku cha vito au seti ya sataranji.

"Kukata nitakata," alisema mzee. "Siku mbili, labda tatu. Lakini kitanda nitakiuza Keroka siku ya soko. Hiki nitamwuzia nani?"

Swali hilo si la mzee peke yake. Kwa hesabu ya sensa ya 2019, Nyamira ina watu 605,576, yaani watu 675 katika kila kilomita ya mraba. Lamu ina 23. Kwa mila ya Abagusii shamba hugawiwa wana wa kiume, na baba aliyerithi ekari mbili akiwa na wana wanne, wajukuu wake watapanda chai kwenye kishoroba. Sisi tunaofuata Faraidh hatuna la kuwacheka, maana tunazo nyumba za mirathi zenye wenyewe ishirini na mlango mmoja. Ila kule Gesima jambo hili liko wazi mbele ya macho: ukisimama juu ya kilima unaziona nyua zikishuka hadi mtoni katika vipande virefu vyembamba, kila kizazi kimepitisha msumeno wake. Vipande hivyo havitaungwa tena. Kijana mwenye kishoroba ataishi kwa ufundi, au kwa bodaboda, au atapanda basi kwenda Nairobi.

Ufundi wa mafumbo umewahi kuwaokoa watu katika hali kama hiyo, ingawa mbali na hapa. Katika ule mdororo mkubwa wa uchumi wa miaka ya 1930 huko Marekani, maseremala na wachoraji wa majengo waliokosa kazi walikata mafumbo ya mbao majumbani mwao, wakayauza au kuyakodisha mtaani kama vitabu. Mnamo 1932, vijana wawili wa New York wasio na ajira, Frank Ware na John Henriques, walianzisha kampuni ndogo iitwayo Par. Hawakushindana na mafumbo ya karatasi ngumu yaliyotolewa na mitambo kwa mamilioni. Waliwakatia wateja wachache matajiri, kila fumbo peke yake, na katika kila moja wakaweka kipande chenye umbo la farasi wa bahari kama sahihi yao. Walifanikiwa kwa sababu mnunuzi alijua jina la mkono uliokata, na alikubali kulipa thamani ya siku za mtu.

Hapo ndipo wachongaji wa Tabaka wanapoumia. Jiwe lao limefika Ulaya na Marekani, lakini kati ya mchongaji na mwenye duka wamekaa watu kadhaa, na kila mmoja ametoa sehemu yake kabla sehemu ya mwisho haijarudi kijijini. Wanawake wanaolisugua jiwe kwa maji na msasa mpaka ling'ae, kazi inayolitia uzuri wote, majina yao hayafiki popote. Baadhi ya wachongaji wameungana katika vikundi ili wauze moja kwa moja, na hilo limesaidia. Lakini mwenye kikundi anahitaji mnunuzi anayerudi, na mtalii hurudi kwao.

Mnunuzi anayerudi ni familia. Nayafikiria maduka ya vitu vya watoto ninayopita kila wiki mjini kwetu: plastiki kutoka ng'ambo, rangi kali, na herufi za Kiarabu zilizopigwa chapa kinyume, mara nyingine nukta zimehama. Tunanunua kwa kuwa ni rahisi, na kabla ya Idi ya pili vimevunjika. Wazazi wengine husita kununua vinyago vya viumbe. Wanazuoni wengi wameruhusu vya watoto, kwa ajili ya hadithi ya Bibi Aisha, radhi za Allah ziwe juu yake, na wanasesere wake, na wengine wamejizuia kwa tahadhari. Lakini ramani haina khitilafu, wala nyota za pembe nane zilizochongwa kwenye milango ya Lamu, wala alifu na be. Ile hesabu ya shanga kwenye vigoda vya Kigusii na ile ya nakshi za milango yetu ni ndugu, na sijui kwa nini hazijakutana kwenye ubao mmoja.

Mbao zipo. Grevilea imepandwa kando ya mashamba karibu kila mahali kule, haihitaji kibali cha msitu wa serikali, na hukua upesi. Hata marufuku ya kukata miti katika misitu ya umma, iliyoanza Februari 2018 na kudumu miaka mitano, haikuigusa miti ya shamba, ijapokuwa bei ya mbao ilipanda kila mahali. Wachongaji Wakamba wa Changamwe wametuonyesha njia: mihugu na mipingo ilipoadimika, waligeukia mwarobaini na mwembe, miti ya uani.

Basi tukamwagiza mzee kazi. Si ramani, bali ubao wenye visanduku 28, na katika kila kisanduku herufi moja ya kutoka na kurudi. Nilimchorea zote kwenye karatasi ya manila. Alizitazama kwa muda mrefu, akaanza kuuliza maswali ambayo mtoto wa chuoni angeuliza. Kwa nini hii ina nukta chini na hii ina tatu juu, ilhali umbo ni moja? Nukta hizo azikate vipande? Nikamwambia la, mtoto atazimeza. Akafikiri, akatwaa keekee, akatoboa tundu moja katika kipande cha mbao kilichokuwa chini, kisha matundu mawili kando kando, akakinyanyua kwenye mwanga ili nione jua likipita. Nukta zitakuwa matundu. Kidole kidogo kitazihisi hata gizani.

Tulipatana bei naye kwa siku zake, si kwa uzito wa mbao, na nikampa arubuni. Mbao alizozichagua zilikuwa bado mbichi. Alizipanga juu ya boriti chini ya bati, akaweka vijiti katikati ili hewa ipite, akaniambia nisimpigie simu kabla mvua hazijaisha.