Kula Joo Chiat kama Mtu wa Mtaa

Tangu nirudi kutoka Singapore, swali lenu ni moja tu. Hakuna anayeuliza kuhusu maghorofa marefu wala uwanja wa ndege wenye maporomoko ya maji ndani. Mnauliza: ulikula nini? Sawa, hapo tunaelewana. Binamu yangu anafanya kazi kule, akanipa kochi la kulalia wiki mbili, na kochi lenyewe liko Joo Chiat. Wasee, kama kuna mtaa umejengwa kwa ajili ya tumbo, ni huo.

Joo Chiat iko mashariki mwa kisiwa, imepakana na Katong upande mmoja na Geylang Serai upande mwingine. Jina limetoka kwa Chew Joo Chiat, tajiri wa Kichina aliyekuwa na mashamba makubwa hapo zamani. Nyumba ni za ghorofa mbili, zimepakwa waridi, kijani na buluu, na vigae vya maua ukutani. Ni mtaa wa Waperanakan, yaani watoto wa wafanyabiashara wa Kichina walioingia na meli wakaoa wanawake wa Kimalay. Mtu wa Mombasa au Lamu ataielewa hadithi hiyo bila kufafanuliwa: bahari ikileta wageni, kinachobaki ni watu wapya na sufuria mpya.

Basi, orodha yangu ndiyo hii.

Asubuhi nenda Chin Mee Chin, East Coast Road. Duka limekuwepo tangu 1925. Unaagiza mkate wa duara uliochomwa, ndani una siagi na kaya. Kaya ni kama jemu, ila imepikwa kwa mayai, sukari, tui la nazi na jani la pandan, ambalo ni ndugu wa mkadi wetu wa Pwani. Pembeni unapewa mayai yaliyochemshwa kidogo tu, bado yanatiririka, unatia sosi ya soya na pilipili manga. Najua mnakunja uso. Nilikunja pia, halafu nikaagiza mengine.

Kahawa yao huitwa kopi, na kuiagiza ni lugha nzima. Kopi bila neno lingine huja na maziwa mazito ya mkebe yenye sukari. Kopi O ni nyeusi na sukari. Ukitaka bila sukari, ongeza neno "kosong", maana yake tupu. Kwenye vibanda vya kawaida kikombe ni kati ya dola moja na mbili za kwao, na dola moja inacheza karibu na shilingi 100. Kwa jiji linalosifika kwa ughali, hiyo ni bei ya rafiki.

Mchana ni 328 Katong Laksa, barabara hiyo hiyo. Laksa ni tambi za mchele kwenye mchuzi wa tui, pilipili na kamba waliokaushwa. Ya Katong ina siri yake: tambi zimekatwa fupi, kwa hivyo unakula kwa kijiko tu, kama githeri. Mwaka 2013 Gordon Ramsay, yule mpishi wa Uingereza anayetukana watu kwa televisheni, alienda Singapore kushindana na wapishi wa kule. Kwenye laksa alishindwa na hawa. Nilipomaliza bakuli nilimhurumia, maana hakuwa na nafasi.

Kwa wenzangu Waislamu, anzeni Geylang Serai. "Serai" ni mchaichai, huu huu tunaotia kwenye chai, na ndio uliokuwa ukilimwa pale zamani. Soko lina nyama, samaki na mboga chini, na juu ni vibanda vya chakula, vingi vya Wamalay. Nasi padang ni wali mweupe, halafu unanyoosha kidole tu: rendang, maharagwe mabichi, samaki wa pilipili, yai. Nasi lemak ndiyo iliyonifanya ninyamaze. Ni wali wa nazi, jamani. Wali wa nazi ule ule, na juu yake samaki wadogo wakavu waliokaangwa wanaofanana na omena, njugu, tango na sambal ya pilipili. Nimevuka bahari nzima nikapata chakula ambacho nyanya yangu wa Kilifi angekionja na kusema tu kimezidi sukari.

Ukitoka hapo tembea dakika chache hadi vibanda vya Haig Road, utafute putu piring. Ni unga wa mchele unaopikwa kwa mvuke ndani ya vikombe vidogo, katikati kuna sukari ya mnazi, na unaandaliwa na nazi iliyokunwa. Ukiuma, sukari iliyoyeyuka inakumwagikia kidevuni. Kula ukiwa umesimama, mwili umeinamishwa mbele, kama unavyokula embe.

Ya kubeba nyumbani ni Kim Choo. Biashara ilianza 1945 na mwanamke aitwaye Lee Kim Choo, na sasa iko mikononi mwa wajukuu. Wanauza chang, mchele unaonata uliofungwa kwenye majani ukawa pembetatu, na wa Kiperanakan una doa la buluu linalotoka kwa maua. Ndani kwa kawaida kuna nguruwe, kwa hivyo uliza kwanza.

Adabu mbili za kukuokoa aibu. Ukiona pakiti ya tishu juu ya meza tupu, usikae. Hiyo meza ina mwenyewe na yuko kwenye foleni. Nairobi tishu hiyo ingekuwa imebebwa kabla hajafika kwenye foleni. Pili, ukimaliza kula rudisha sinia yako mwenyewe. Tangu Septemba 2021 ni sheria, na ukirudia kosa unaweza kupigwa faini. Na mpishi akiwa mtu mzima, mwite anko au anti. Hapo nilijisikia nyumbani kabisa.

Sasa maoni, maana mnanijua.

Siku ya nne niliacha kupiga picha chakula, nikaanza kuangalia vibanda vyenyewe. Kila kimoja kina namba, mfereji wa maji, sinki, taa, na cheti cha usafi kimebandikwa mbele. Juu kuna paa moja kubwa, katikati meza za wote. Zamani haikuwa hivyo. Wauzaji walikuwa barabarani na mikokoteni, maji kwa ndoo, wakikimbizwa na askari, picha ambayo sihitaji kumchorea Mkenya yeyote. Serikali ikawasajili, kisha kuanzia 1971 hadi 1986 ikajenga masoko ya chakula na kuwahamishia humo. Hawakuombwa kwa upole sana, na kulikuwa na leseni na ukaguzi. Lakini mtu alihamishwa akipelekwa mahali. Leo masoko hayo ni zaidi ya mia moja, na Desemba 2020 UNESCO iliutia utamaduni huo kwenye orodha ya urithi wa kitamaduni usioshikika wa binadamu.

Mamangu ameuza chapo na ndengu kwa miaka kumi na sita. Kibanda chake kimebomolewa mara tatu. Nyumbani tunajua utaratibu: sufuria kubwa ndiyo inaokolewa kwanza, kisha jiko, kisha mabenchi kama muda upo. Mara hizo zote hakuna aliyemwambia aende wapi. Wateja wake ni makanga, walimu na wasee wa ofisi waliovaa tai, na wote humfuata hadi alipoanzia upya. Chapo zake si duni kuliko chochote nilichokula Joo Chiat. Alichokosa ni mfereji na mtu wa kumhakikishia kuwa kesho atakuta mahali pake.

Kuna upande mwingine ambao watalii hawauoni. Wapishi wa Singapore wanazeeka. Umri wao wa kati ni karibu miaka 60. Walisomesha watoto kwa tambi na wali, na watoto wakaenda ofisini, kama tu wazazi walivyotaka. Hata Chin Mee Chin ilifungwa 2018, ikarudi 2021 chini ya kampuni nyingine, na wengine wengi hufunga wasirudi. Wao wana paa na hawana vijana. Sisi vijana tumejaa, paa hatuna.

Hili linanigusa kwa sababu nilipoacha chuo mwaka wa pili, jirani alimwambia mathe, "Basi mfundishe kukanda unga." Alisema kama tusi, na mathe alilichukua kama tusi. Kwetu kupika mtaani ni adhabu ya aliyeanguka masomo. Mathe mwenyewe hataki nishike kibanda. Anasema hakupigwa na moshi miaka hiyo yote ili mimi nije nipigwe na moshi ule ule. Namwelewa. Ila nilisimama mbele ya watu wanaopanga foleni ya nusu saa kumngoja anti mmoja mwenye mikono ya unga, wengine wakiwa na digrii mbili, na hakuna aliyemwangalia kama mtu aliyeshindwa maisha. Kazi ni ile ile. Tofauti ni sinki, paa, na jinsi watu wanavyomwangalia anayeifanya.

Kwa hivyo tangu nirudi, Jumamosi naamka saa kumi alfajiri nakanda na yeye. Analalamika kila wiki na kila wiki ananirekebisha. Chapo zangu bado zina umbo la ramani ya Kenya, hadi Turkana inaonekana. Lakini nataka mkono huo usiishie kwake.

Ninyi nawaomba mawili. Wikendi hii kula kwa kibanda, na umuulize anayekupikia alijifunza kwa nani. Utasikia hadithi tamu kuliko hiyo sahani. Na mwaniaji wa wadi akija kwenu na fulana na wimbo, usimwulize atawatoa lini wachuuzi barabarani. Muulize atawapeleka wapi, na kama huko kuna maji.

Haya, nitajieni kibanda chenu. Mtaa gani, na mpishi ni nani kwenu: mathe, anti, ama anko?