Kifundo: Jina na Umbo Lake

Miongoni mwa majina ya mwili ambayo wanafunzi wetu hapa Rwanda hutuuliza mara kwa mara ni kifundo, yaani kifundo cha mguu na kifundo cha mkono. Wako wanaodhani kuwa jina hili limetokana na kufundisha, kwa kuwa sauti zake zinafanana. Tumeona ni wajibu wetu kulieleza, maana asili ya neno ikipotoshwa, maana yake nayo hufifia.

Kifundo kimezaliwa na fundo. Mtu akipiga fundo katika kamba, kamba huvimba pale ilipokazwa; muwa nao una mafundo yake. Ndugu za fundo ni fundika na fundua, ambapo kufundisha kuna ukoo mwingine, ule wa funda na mafundisho. Sasa tutazame pale mguu unapoungana na wayo: pana uvimbe huku na huku mfano wa fundo. Ule wa ndani ni ncha ya mfupa wa muundi, na ule wa nje ni ncha ya mfupa mwembamba ulio kando yake. Kwa hiyo neno kiungo hutaja kazi, kwani huunga. Kifundo hutaja umbo.

Asemaye Kinyarwanda hana haja ya kwenda mbali. Kwake fundo ni ipfundo, na pf hiyo huonekana penye f ya Kiswahili katika maneno mengine pia: gupfa ni kufa, gupfumbata ni kufumbata. Akionyeshwa hayo, neno alilolidhani geni hulikuta nyumbani kwao.

Wala jambo hili si la anasa. Wako waitao kifundo cha mguu kiwiko cha mguu, hali wengi wasikiapo kiwiko hufikiri mkono. Mgonjwa asemaye tu, "Kiwiko kinaniuma," aweza kutazamwa pasipouma. Basi tuwazoeze wanafunzi kutaja jina kamili.

Aidha, tusiishie kuwapa orodha ya kukariri. Husemwa pia kuwa fulani ana fundo moyoni, yaani kinyongo kilichokazwa kisifunguke. Aliyelishika fundo kambani ataliona mguuni, na hata hilo la moyoni, lisiloonekana kwa macho, atalielewa bila kufasiriwa.