Waziri wa Zama za MMEM

Marehemu Joseph Mungai, aliyefariki Novemba 2016, alipata madaraka mapema kuliko wengi wa rika lake, kwani Mwalimu Nyerere alimkabidhi Wizara ya Kilimo mwaka 1972, naye kijana wa Mufindi hajatimiza bado miaka thelathini; lakini sisi walimu wa shule za msingi, ambao aghalabu huwajua mawaziri kwa nyaraka zao kuliko kwa nyuso zao, tulimfahamu hasa tangu 2000, Rais Mkapa alipomtwika Wizara ya Elimu na Utamaduni, dhamana aliyoishika hata 2005.

Mimi niliingia kazini katika zama za Azimio la Musoma la 1974, lililoazimia kila mtoto apate elimu ya msingi, na wakati huo ada ilikwisha kuondolewa, mwalimu hana shughuli na mfuko wa mzazi. Dhiki ya uchumi ya miaka ya themanini ikairejesha, pamoja na michango ya namna kwa namna, hata mwalimu akageuka mtoza ushuru: asubuhi huita majina, kisha huita madeni, na asiyelipiwa hurudishwa kwao, daftari kwapani. Shilingi elfu mbili kwa mwaka, kiasi cha zama za mwisho, huenda zikaonekana hafifu kwa mtu wa mshahara; ama kwa mvuvi mwenye watoto watano, kusi ikivuma na ngalawa imepandishwa pwani, hakika zilikuwa mzigo.

Ndipo ukaja Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, MMEM kwa kila aliyeuishi, na ada ikafutwa. Januari ya 2002 kina mama walitanda uani tangu alfajiri, na madhali wengi wao hawakuwa na vyeti vya kuzaliwa vya watoto wao, tulirejea kipimo cha wazee, mtoto apitishe mkono wa kulia juu ya utosi hadi vidole viguse sikio la kushoto. Wadogo waliinamisha kichwa kwa hila ili vidole vifike, ilhali wavulana waliokwisha kubaleghe walijikunyata wasionekane warefu; hao tukawaelekeza MEMKWA, mpango uliowekwa kwa walioikosa shule kwa wakati wake. Nchi nzima wanafunzi wa msingi walikuwa takriban milioni 4.4 mwaka 2000, nao walipita milioni 7.5 mwaka 2005, na wingi huo haukuwa wa karatasini tu, kwani tuliuona sakafuni, walikoketi wasiopata madawati. Nitakuwa mwongo nikisema wote walifunzwa vema.

Fauka ya hayo, fedha za ruzuku zilianza kupitia akaunti ya shule, na kamati ya wazazi ikawa ndiyo yenye kuamua saruji inunuliwe wapi na fundi alipwe nini. Mwenyekiti wetu, mzee aliyekuwa akiunda mashua, alikagua bati moja moja kana kwamba anakagua mbao za jahazi, na sidhani kama mkaguzi yeyote wa serikali alipata kututia hofu kama yeye.

Insafu yataka yasemwe na mengine. Katika wizara hiyo hiyo Mungai alisimamisha mashindano ya michezo ya shule, akaondoa michepuo ya kilimo na biashara katika sekondari, na fizikia na kemia zikaunganishwa kuwa somo moja, tadbiri ambayo mrithi wake, Margaret Sitta, hakukawia kuitangua. Michezo nayo ilirudishwa katika utawala wa Rais Kikwete. Alikuwa mtu wa azma kali, apendaye kukata shauri upesi, na nadhani ni tabia hiyo hiyo iliyoyazaa mema yake na taksiri zake.

Ilipotufikia habari ya msiba wake, walimu wastaafu tulimjadili barazani hata adhuhuri, mmoja akishikilia michezo, mwingine fizikia, nami nikawauliza ni nani kati yao angependa kurudia kazi ya kudai ada. Hakujibu mtu. Mwaka ule ule ada ya sekondari za serikali, hadi kidato cha nne, ilikuwa imefutwa nayo, na mazungumzo yakahamia kwenye michango, ambayo kwa majina mapya haijaacha kubisha hodi.