Mpwa Wangu, Usivuke na Kusi

Tabata Kimanga,
Dar es Salaam.
12 Juni 2025

Mpwa wangu mpendwa,

Mama yako anaendelea na kliniki yake ya sukari, miguu imepungua kuvimba. Mdogo wako kapata kibarua Kariakoo. Bibi yako wa Segerea anakusalimu na anauliza kitukuu atamwona lini. Mengine utayasikia mwenyewe ukija, kama utakuja.

Nimeshika kalamu kwa sababu ya habari iliyonifikia hapa karakanani juzi. Nimeambiwa wewe na mkeo mmepanga kwenda Mafia wiki ya Sabasaba, na kwamba mmepata mtu Nyamisati atakayewavusha usiku na mashua ya mizigo, kwa nusu ya nauli ya kivuko. Aliyenieleza hakuwa na nia mbaya, alidhani najua. Nilinyamaza nikaendelea kupiga randa, lakini tangu hapo usingizi wangu umekatika.

Kwenda nendeni. Nimefurahi kwamba mna hamu ya kuona nchi yenu, na mkeo nimempenda tangu siku ile alipokaa na wazee akawauliza habari za pwani mpaka wali ukapoa. Vijana wengi hapa Tabata wakipata likizo wanaimalizia kwenye baa za hapa hapa. Lakini Mafia ni nyumbani kwangu. Nimezaliwa Chole, na babu yako mzaa mama amezikwa Chole. Mmeuliza watu wa kwenye simu, mmemuuliza dereva wa basi la Kibiti, mimi hamkuniuliza. Hata posa yako niliambiwa mwisho, mjomba mzima, nikafika shughulini watu wameshakula. Hilo nilikwisha kulisamehe. Hili la bahari siwezi kulinyamazia, kwa sababu msamaha haumrudishi mtu aliyezama.

Julai ni mwezi wa kusi. Wewe umekulia kwenye lami, kwako upepo ni kitu cha kukaushia nguo, kwa hiyo nisikilize. Kusi huanza kuvuma baada ya masika, likashika nguvu Juni, Julai na Agosti. Mkitoka Nyamisati mtaona maji yametulia kabisa, mikoko huku na huku, ndege weupe juu ya matawi. Hiyo ndiyo delta ya Rufiji, ile ile ambamo Wajerumani waliificha manowari yao Königsberg mpaka Waingereza walipoifuata na kuimaliza mwaka 1915. Mkeo ataipenda, atapiga picha. Kisha mikoko inaisha na mnatokea mlangoni, na kusi linawakuta usoni na ubavuni kwa pamoja. Kama maji yanakupwa, mto unasukuma kwenda nje na upepo unasukuma kuja ndani, na hapo wimbi linasimama wima. Chombo kizuri chenye nahodha mzuri kinapita. Mashua iliyolemewa na saruji, magodoro na kreti za soda, usiku, abiria wamekaa juu ya shehena, inapita siku ikipenda kupita.

Babu yako alikuwa fundi wa vyombo. Jambo hili nyumbani kwenu halitajwi, watoto mmekua mkidhani ukoo wetu ulianza na hii karakana ya vitanda. Mashua zake zilifika Kilwa, zilifika Unguja, na mpaka leo wako wazee Jibondo na Chole wanaoitambua kazi yake kwa kuangalia shetri tu. Alikalafati kwa mkono wake mwenyewe, hakumwachia mwanafunzi. Na kila chombo alichokimaliza alikitia alama ubavuni kwa patasi, mstari wa urefu wa shubiri moja. Maji yakifika kwenye mstari ule, basi. Hakuna gunia jingine, hakuna mtu mwingine.

Nilikuwa kijana, sijahamia Dar bado, siku baba alipotakiwa kuvuka kwenda bara kutafuta mbao. Chombo cha kuvuka kilikuwa kimojawapo cha kwake, alichokiuza miaka ya nyuma. Tukafika ufukweni Kilindoni jioni. Baba hakuangalia tanga wala watu, aliangalia ubavu. Mwenye chombo alikuwa amekipaka rangi ya kijani chombo kizima, na mstari umefunikwa. Baba akaingia majini mpaka kiunoni, akapapasa kwa vidole, akaupata. Ulikuwa chini ya maji kiasi cha kiganja. Akamwambia mwenye chombo ashushe nazi. Yule bwana akajibu mbele za watu: "Mzee, wewe fundi, mimi ndiye mwenye chombo." Baba hakubishana. Akachukua furushi lake, akaniambia tunarudi.

Mle ndani alikuwamo kijana niliyesoma naye chuoni, pamoja na mkewe, harusi yao haina miezi mingi. Walikuwa wanakwenda Dar kutembea tu, kuuona mji. Baba alimwita kwa jina, akamwambia shuka na mkeo, mtalala kwangu, mtaondoka na chombo cha kesho kutwa. Kijana akasema nauli ameshalipa, tena kapunguziwa, akiiacha hairudi. Mkewe alikuwa ameshasimama kushuka. Kijana alimshika mkono akamkalisha.

Waliondoka usiku kuwahi maji. Karibu na alfajiri kusi likakaza, wimbi moja likaingia goshini, watu wakaanza kufua maji kwa makopo. Wimbi la pili likahamisha shehena. Ukisikia shehena imehama, mpwa wangu, ujue chombo hakina bwana tena. Nazi zote zililalia upande mmoja na mashua ikalala nazo. Walionusurika walishikilia nazi zilizofungwa pamoja kwa makumbi yake, mpaka wavuvi wa Bwejuu walipowaona kulipokucha. Kijana yule alikuwa miongoni mwao. Mkewe hakuonekana. Aliishi miaka mingi baada ya hapo na hakuoa tena, na nauli ile aliyoogopa kuipoteza aliitaja kila alipokutana na baba, mpaka baba akawa anamkwepa njiani kwa huruma.

Usiniambie hayo ni ya zamani. MV Skagit iliondoka bandari hii hii ya Dar mchana kweupe, tarehe 18 Julai 2012, kusi likivuma, ikapinduka karibu na Chumbe, Unguja inaonekana kwa macho. Zaidi ya watu 100 walikufa au hawakupatikana. Boti ile ilijengwa Marekani mwaka 1989 kwa ajili ya maji yaliyokingwa ya huko Seattle, ikaletwa kwenye mlango wetu wa bahari. Fundi yeyote angekwambia umbo lake halikuwa la huku. Mwaka uliotangulia, usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, Spice Islander ilizama ikielekea Pemba ikiwa imepakia watu wengi kupita uwezo wake. Mama yako alilia wiki nzima, na hatukuwa na ndugu mle. Unakumbuka, ulikuwa mkubwa. Na zile zilikuwa meli zenye vibali na redio. Mashua yenu ya usiku haina hata orodha ya majina. Ikizama, hakuna ofisi itakayojua kwamba mlikuwamo.

Kwa hiyo nakuomba, na kama kuomba hakutoshi basi nakuagiza kama mjomba wako: msipande mashua ile. Kipo kivuko cha serikali, MV Kilindoni, kimejengwa kwa abiria 200, na kinakaguliwa. Kinafuata maji kujaa na kupwa, kwa hiyo saa ya kuondoka hubadilika. Pigeni simu kabla ya kutoka nyumbani, mkachepuke pale Bungu mkiwa na uhakika. Kikiwa kwenye matengenezo, subirini, au mpande boti nyingine yenye cheti cha TASAC, mchana, na jaketi la kuokolea kwa kila mtu. Jaketi livaliwe, lisikaliwe. Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitangaza tahadhari ya upepo mkali na mawimbi makubwa, laleni Nyamisati. Na ukishapanda ukaona chombo kimezama kuliko inavyopasa, shuka hata kama umelipa. Mwachie nauli. Akikucheka, mwache acheke.

Kama mwajiri wako atakubali, ningependa zaidi mwahirishe mpaka Oktoba au Novemba. Kusi linakuwa limechoka, bahari ya Kilindoni inatulia, na ndio wakati papa potwe wanapokuja kula karibu na pwani. Mnyama mkubwa kuliko daladala, na hana habari na mtu, chakula chake ni vijidudu vidogo vya majini. Kodini boti pamoja na wageni wengine mgawane gharama, mwogelee naye, msimguse. Hicho ndicho kitu mkeo atawasimulia wanawe. Mkienda Julai mtaona maji machafu na mawimbi, mtarudi mkisema Mafia haina kitu, na hilo litaniuma pia.

Mnataka kubana matumizi, na mimi nakubaliana nanyi, lakini baneni nchi kavu. Laleni gesti pale Kilindoni, hoteli za Utende waachieni wenye fedha za kigeni. Kuleni kwa mama lishe, na jioni samaki mnunue vyombo vinapofika ufukweni. Kwenda Utende pandeni daladala. Bebeni vitambulisho vya taifa, kwa sababu pale getini mnaingia eneo la Hifadhi ya Bahari, iliyoanzishwa 1995, na kiingilio cha Mtanzania si sawa na cha mgeni. Kutoka Utende kuna vijimashua vya kuvusha watu Chole. Hapo sina neno, maji yale yamekingwa na visiwa na safari ni fupi. Bebeni fedha taslimu. Msikope kwenye simu kwa ajili ya starehe. Mkeo ajitande kanga akipita mjini na vijijini, watu watampokea vizuri zaidi.

Chole tembeeni kwa miguu, kisiwa kidogo. Mtaona magofu ya Wajerumani, walipokuwa na makao yao kabla ya kuhamia Kilindoni, na mizizi ya miti imeshika kuta. Mtaona popo wakubwa wananing'inia mchana. Ulizeni wanapojenga vyombo, mseme nyinyi ni wajukuu wa fundi wa zamani, mtakaribishwa. Juani kuna Kua, mji mzima wa mawe, misikiti na makaburi, ulioachwa baada ya Wasakalava wa Madagaska kuuvamia mwanzoni mwa karne ya 19. Nendeni na mwenyeji, msipande juu ya kuta. Na lile shamba la minazi ambalo mtaonyeshwa na kuambiwa lilikuwa letu, ni kweli lilikuwa letu. Aliliuza mjomba wako mdogo akanunua pikipiki, na pikipiki yenyewe haikumaliza miaka miwili. Msiulize bei, mtanitia uchungu bure.

Kaburi la babu yako liko nyuma ya msikiti. Lisafisheni, mmsomee Fatiha.

Na kama likizo haihamishiki, na kivuko hakipo, basi mwaka huu acheni Mafia. Pandeni basi la Bagamoyo. Kaole peke yake, na msikiti wake wa karne ya 13 na makaburi yenye nguzo, inawatosha watu wapendao kuchungulia mambo ya kale, na hakuna mlango wa bahari wa kuvuka. Siku nyingine nendeni Kunduchi mvuke mpaka Mbudya asubuhi, mrudi jioni. Fedha mliyoiweka mtabaki nayo ya Oktoba.

Najua utasema mjomba ana woga. Mimi sijaogopa bahari maishani mwangu. Nimelala juu ya mashua nikiwa mtoto, nimeona kaskazi na kusi, nimeona tanga likichanika usiku. Babu yako naye hakuogopa, na alikufa kitandani mwake, mzee, kwa sababu alijua siku ya kushuka. Ninachokitaka ni mkeo arudi Tabata akiwa na mchanga kwenye viatu, aje hapa karakanani anisimulie alichokiona.

Huyo mtu wa Nyamisati mpigie simu leo, umwambie hamji. Kama ameshachukua kianzio, niambie ni shilingi ngapi, nitakurudishia mimi. Kisha njoo Jumapili na mkeo baada ya adhuhuri. Nitakuchorea njia yote kutoka Kilindoni hadi Kua, nikutajie na nyumba za watu wetu. Nataka jibu lako siku hiyo: mnapanda chombo gani, na lini.

Wako akupendaye,
Mjomba