Mito Miwili Ilishayo Pwani

Msafiri atokaye Malindi kwenda Mambrui hana budi kuvuka Mto Sabaki. Akisimama darajani wakati wa mvua, huona maji mekundu yakienda mbio baharini. Wekundu ule si wa Malindi. Maji hayo yameanza safari karibu na Nairobi, ambako mto huitwa Athi. Yakapita Ukambani, yakakutana na Mto Tsavo, yakaitwa Galana, na mwisho Sabaki. Udongo yaliouchukua njiani ni udongo wa mashamba ya watu.

Pepo za Kaskazi zivumapo, mkondo wa bahari husukuma mchanga na matope hayo kusini, mpaka ghuba ya Malindi. Ndiyo sababu, katika nusu ya pili ya karne ya 20, ufuo wa mji huo ulizidi kupanuka. Lakini faida hii ina hasara yake. Matope hufunika matumbawe ya hifadhi ya bahari iliyoanzishwa mwaka 1968, na matumbawe ndiyo boma livunjalo nguvu za mawimbi kabla hayajafika pwani. Tena mwaka 1998 maji ya bahari yalipata joto kupita kiasi, na matumbawe mengi ya Kenya yakafa.

Huko Kipini, penye mlango wa Mto Tana, mambo ni kinyume. Bahari inakula nchi. Nyumba za mawe za zamani zimeanguka, minazi imelala majini, na watu wamesogea bara. Basi mchanga wa Tana, mto mrefu kuliko yote ya Kenya, umekwenda wapi? Sehemu yake imezuiliwa juu. Kati ya mwaka 1968 na 1988 yalifunguliwa mabwawa matano: Kindaruma, Kamburu, Gitaru, Masinga na Kiambere. Yameleta umeme mijini, lakini maji yasimamapo, mchanga huzama. Mabwawa si sababu ya peke yake, kwani usawa wa bahari unapanda, mawimbi ya Kusi ni makali, na mlango wa mto wenyewe huhamahama. Hata hivyo ufuo ni kama ghala: likitolewa kila siku wala lisitiwe kitu, siku moja huwa tupu.

Wako wasemao kwamba dawa ni ukuta. Mjini Mombasa, ngome ya Fort Jesus, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, imewekewa kinga ya mawe kwa sababu mawimbi yalikuwa yakichimba mwamba iliyosimama juu yake. Kwa jengo kama lile gharama hiyo yafaa. Lakini kijiji cha wavuvi hakiwezi kuimudu, na mara nyingi ukuta huokoa kiwanja cha mmoja na kuyatupa mawimbi kwa jirani.

Njia zenye gharama ndogo zipo. Mikoko isikatwe ovyo, na ilipokatwa ipandwe tena, maana mizizi yake hushika matope na kupunguza nguvu za maji. Mchanga wa ufuoni usichimbwe kwa ujenzi. Nyumba mpya zijengwe mbali na ukingo wa maji. Na mkulima wa bara, achimbaye matuta ya kuzuia maji shambani, ajue kwamba anaokoa rutuba yake pamoja na matumbawe ya Malindi.

Mwaka 2018 ilianza kazi ya kujenga bwawa la Thwake, mahali mto wa jina hilo unapoingia Athi. Watu wa Ukambani wanayahitaji maji, na ni haki yao kuyapata. Lakini bwawa hushika matope na mchanga pamoja. Matumbawe yatapata nafuu, na huenda ufuo ukapungukiwa. Kwa hiyo ufuo wa Malindi hauna budi kupimwa mwaka kwa mwaka, na mizani ya mchanga ihesabiwe pamoja na ile ya maji. Kipini haikupimwa mapema. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Na ukuta wa baharini ni ghali.