Bundi wa Nyuma ya Bweni

Muhula uliopita, hapa shuleni kwetu Kigali, kila usiku tulisikia sauti katika migunga nyuma ya bweni: "prrp", kisha kimya cha sekunde chache, kisha "prrp" tena. Wadogo wetu wakasema ni igihunyira, yaani bundi, naye huleta msiba. Mmoja wao, ambaye mama yake alikuwa mgonjwa, alilia sana. Wavulana wakakusanya mawe.

Nami nikiwa kiranja, niliwaomba wangoje kidogo, nikamchukua kijana yule na tochi. Yuko bundi mdogo mwingine mwenye madoa meupe, lakini kichwa chake ni mviringo, na hupiga miluzi mfululizo. Huyu alikuwa na vishungi viwili kama masikio, macho ya manjano, na manyoya mfano wa gome, hakufika shibiri. Kumbe ni Otus senegalensis, mla panzi na nondo, anayemwita mwenziwe!

"Kaka, ndiye huyu tu?" aliniuliza.

Mwezi uliofuata mama yake alifariki. Mwenzetu mmoja akaokota jiwe. Kijana yule yule ndiye aliyemshika mkono.